Auchoraye Mwili Ndiye Aujuaye

Kila nipitapo karibu na shule za sekondari wakati wa jioni, huwaona wanafunzi wamekusanyika mbele ya vibanda vya fotokopi, kila mmoja na sarafu zake mkononi, wakingoja zamu ya kutolewa nakala ya mchoro wa moyo, au wa figo, au wa jicho, mchoro uliokwisha kunakiliwa mara nyingi hata mistari yake imefifia na majina ya viungo yamegeuka madoa. Vyuoni, ambako simu zinaruhusiwa, hata kibanda hakihitajiwi: mhadhiri akiisha kuchora ubaoni, simu huinuliwa, picha hupigwa, na somo la siku huhesabiwa kuwa limekwisha kupokewa. Karatasi hubandikwa daftarini kwa gundi, picha hulala ndani ya simu pamoja na picha za harusi na za mazishi, na mtihani ukikaribia majina hukaririwa kutoka juu hadi chini. Mwambie kijana huyo aweke kidole juu ya mwili wake mwenyewe mahali zilipo figo zake, naye aghalabu atashika chini ya kitovu.

Nataka kusema mapema, ili msomaji ajue tangu sasa niendako, kwamba mwili wa binadamu haujulikani kwa kutazamwa tu, wala kwa kukaririwa majina ya viungo vyake. Hujulikana kwa kuchorwa, na kuchorwa kwa mkono wa yule ajifunzaye, taratibu, kwa kalamu na wino. Wala maarifa haya si anasa ya wachoraji au milki ya matabibu peke yao. Ni haki ya kila nyumba, na nyumba inayoyakosa huyalipia kwa fedha, kwa maumivu, na wakati mwingine kwa uhai wa mtoto.

Mkono ulio mezani

Ni kiungo gani tukionacho zaidi kuliko mkono? Twala kwa mkono, twaandika kwa mkono, twapeana mkono tangu asubuhi mpaka usiku, na kwa sababu hiyo kila mtu yu tayari kuapa kwamba aujua wake. Hebu basi, ndugu msomaji, uweke mkono wako wa kushoto juu ya meza, kiganja kikitazama juu, ushike kalamu kwa mkono wa kulia, ujaribu kuuchora kama ulivyo. Kabla hujafika kwenye ukucha wa kwanza utakuwa umekwisha kukutana na maswali ambayo hukuwahi kujiuliza: kwa nini kidole gumba kina pingili mbili ilhali wenzake wana tatu tatu, kwa nini mikunjo ya vidole upande wa kiganja hailingani na vifundo vya upande wa nyuma, kwa nini gumba halikupangwa safu moja na vidole vingine, bali limegeuka ubavu na kuvikabili.

Ukiendelea mpaka kwenye kifundo cha mkono, ambapo mifupa minane midogo imepangwa kwa safu mbili, kisha ukaanza kuchezesha vidole, utaona jambo linalomshangaza kila achoraye kwa mara ya kwanza. Vidole vinacheza, lakini misuli inayotuna na kunywea iko mbali navyo, kwenye kigasha, karibu na kiwiko. Ndani ya vidole vyenyewe hamna msuli wa kuvikunja. Vinavutwa kutoka mbali kwa kano ndefu zipitazo kwenye kifundo. Sasa kigeuze kiganja kitazame chini, na papasa kwa mkono wa pili. Mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole cha mwisho umetulia pale pale ulipokuwa, na ule wa upande wa gumba umevuka juu ya mwenzake na kuukingama. Kitabu humwonyesha mwanafunzi mifupa hii miwili imesimama sambamba, naye huamini kuwa ndivyo ikaavyo daima; lakini yule aliyelazimika kuuchora mkono katika hali zote mbili hadanganyiki tena maisha yake yote.

Mtu ataniuliza: kwa nini wino, wala si penseli? Penseli ni chombo chema, na shule zetu huitaka katika michoro ya baiolojia, bila kivuli, majina yakiunganishwa na viungo kwa mistari iliyonyoshwa kwa rula. Lakini penseli hufuatana na kifutio, na kifutio humzoeza mtu kupeleka mkono kwanza na kufikiri baadaye. Wino haurudi nyuma. Kabla ya kuushusha mstari, mchoraji hana budi aamue wapi unaanza, wapi unapinda, wapi unazama nyuma ya mwingine. Kwa hiyo hutazama sana ndipo achore kidogo. Fauka ya hayo, wino haujui kijivu: una weusi wake na weupe wa karatasi, basi. Atakaye kivuli hukijenga kwa mistari myembamba iliyokaribiana, na mistari hiyo ikipigwa ovyo, paja lililo nene huonekana bapa; ikipinda kwa kufuata mviringo wa msuli wenyewe, kiungo huinuka kutoka katika karatasi. Na ni nani awezaye kuufuata mviringo asioujua? Mwenda pole hajikwai, walisema wazee wetu, nami sijaona mwalimu wa upole huo kuliko kalamu isiyofutika.

Taya la Galen

Historia nayo yashuhudia hasara ya kutochora. Kwa zaidi ya miaka 1,000 matabibu wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu walimfuata Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, ambaye Waarabu walimwita Jalinus. Alikuwa mtu wa elimu kubwa, na haki yake hainyimiki. Lakini miili aliyoipasua ilikuwa zaidi ya nyani na nguruwe na wanyama wengine, na mengi aliyoyaona kwao akayahamishia kwa mwanadamu. Alifundisha kwamba taya la chini la mtu ni mifupa miwili. Vizazi kwa vizazi vikapokea, kila tabibu akiwa na taya lake mwenyewe usoni pake, asilipapase. Usisafirie nyota ya mwenzio ni onyo tulilozoea kupewa na wazazi wetu, na matabibu wale walisafiria nyota ya Jalinus karne baada ya karne.

Abdullatif al-Baghdadi, mwanachuoni wa Baghdad, alikuwako Misri katika njaa kuu ya miaka ya 1200 hadi 1202, wakati maiti walipokuwa wengi kuliko wazikaji. Akaenda penye marundo ya mifupa, akayatazama mafuvu moja baada ya jingine, akaona kuwa taya la chini ni mfupa mmoja usio na kiungo. Akaandika bila hofu kwamba ushahidi wa macho ni mwaminifu zaidi kuliko kauli ya Jalinus, pamoja na daraja yake yote. Maneno hayo yalikuwa ya haki tupu. Lakini yalikuwa maneno bila mchoro, na dunia ikaendelea kusoma habari za mifupa miwili.

Ikapita zaidi ya miaka 300. Mwaka 1543, Andreas Vesalius, mwalimu wa upasuaji wa Padua, naye ana umri wa miaka 28, akachapisha mjini Basel kitabu chake kikubwa juu ya umbo la mwili wa binadamu, kilichojaa michoro iliyochongwa katika mbao na kupigwa chapa kwa wino mweusi. Safari hii taya lilionekana. Mwalimu wake wa zamani wa Paris, Sylvius, alikasirika hata akadai kwamba huenda mwili wa mwanadamu ndio uliobadilika tangu zama za Galen, mradi Galen asionekane amekosea. Lakini mchoro ulikuwa mikononi mwa watu, na kila aliyekuwa na fuvu mbele yake aliweza kulinganisha. Naamini, na katika imani hii sitetereki, kwamba lau Abdullatif angalichora taya lile kando ya maneno yake, matabibu wasingalingoja muda wote ule.

Miongo michache kabla ya Vesalius alikuwako Leonardo da Vinci, aliyefariki 1519, na yeye ndiye shahidi wangu mkubwa wa jambo la pili: kwamba faida ya mchoro humwangukia kwanza yule auchoraye. Katika majira ya baridi ya 1510 na 1511 aliandika karatasi 18, pande zote mbili, akazijaza michoro zaidi ya 240 na maelezo ya maneno kiasi cha 13,000, aghalabu ya mifupa na misuli. Bega lile lile alilichora akilizungusha kidogo kidogo, toka mbele hata nyuma, ili jicho lisiachwe na upande hata mmoja. Baadaye akaushika moyo wa ng'ombe, akautengenezea mfano wa kioo penye mlango wa mshipa mkuu, akapitisha maji yenye mbegu za nyasi ili auone mzunguko wa maji nyuma ya vizibo vya mlango huo. Hakuna hata ukurasa mmoja wa kazi hiyo uliochapishwa alipokuwa hai. Karatasi zake leo zimo Windsor, katika hazina ya wafalme wa Uingereza, na tukizisoma twamwona mtu ambaye kila mstari ulimzalia swali, na kila swali likamrudisha kwenye mwili.

Kijana wa makaburini

Wazazi wengi wa kwetu humwona mtoto achoraye kuwa mtoto apotezaye wakati. Naomba wasikie habari za Santiago Ramón y Cajal, aliyezaliwa Hispania mwaka 1852. Alipenda kuchora kuliko chakula, na baba yake, mpasuaji mkali wa kijijini, aliyachukia mapenzi hayo akamtaka awe tabibu. Ugomvi wao ulidumu miaka, hata kiangazi cha 1868 baba alipopata hila ya busara: akampeleka kijana makaburini, kwenye mifupa iliyoachwa wazi, wakaikusanya, wakarudi nayo nyumbani, na mtoto akaamriwa aichore. Hapo matakwa mawili yakawa moja. Kijana aliyekataa kusoma kitabu cha anatomia aliusoma mfupa kwa kalamu, kila tundu na kila ukingo.

Alipokuwa mtu mzima alikaa mbele ya hadubini, akitazama vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa njia aliyoivumbua Mwitalia Camillo Golgi, na yale aliyoyaona akayaandika kwa wino. Golgi alidhani ubongo ni wavu mmoja ulioungana. Cajal, aliyelazimika kuupitisha wino kwenye kila utanzu wa kila seli na kuamua wapi unaishia, aliona kuwa seli zinakaribiana pasipo kuungana. Mwaka 1906 wakagawiwa wote wawili tuzo ya Nobel, na michoro ya Cajal ingali inapigwa chapa katika vitabu vya leo. Je, mzazi anayemnyang'anya mwanawe karatasi ya mchoro ili ashike hesabu anajua analolikata?

Naye Henry Vandyke Carter, tabibu kijana wa London, alichora michoro ya kitabu cha anatomia cha Henry Gray cha mwaka 1858, michoro 363, akayaandika majina juu ya viungo vyenyewe badala ya kuweka herufi zinazomtuma msomaji pembeni mwa ukurasa. Kitabu kimebaki na jina la Gray, lakini mwanafunzi aliyekipenda alikipenda kwa mkono wa Carter. Waandishi wa vitabu vyetu vya shule wangemwiga.

Gharama ya kutojua

Niwaachie sasa wachoraji hao karatasi zao, nirudi kwenye nyumba zetu. Mtoto aamka usiku akilia tumbo. Mama ampaka mafuta, bibi asema ni chango, baba aenda kugonga duka la dawa atafute vidonge vya minyoo. Maumivu yaliyoanza kuzunguka kitovu yamekwisha kuhamia chini upande wa kulia, mahali kilipo kidole tumbo, na mtoto hawezi tena kusimama wima; lakini kwa kuwa neno ni lile lile, tumbo, wote waridhika kungoja kupambazuke. Mama ambaye siku moja alikaa na daftari akachora fumbatio lake, ini upande wa kulia chini ya mbavu na nyongo imejificha chini yake, mfuko wa chakula na bandama upande wa kushoto, utumbo mpana ukizunguka kama fremu ya mlango, na kidole tumbo kikining'inia pembeni yake, huyo asingengoja. Naye afikapo hospitali, mbele ya daktari mwenye foleni ndefu, angeonyesha kwa kidole maumivu yalikoanza na yaliko sasa, na nusu ya kazi ya daktari ingekuwa imefanyika.

Chukua na mfano wa mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, akajikinga kwa mkono ulionyoshwa. Bega lauma, mkono hauinuki, na jamaa wakamata bega wanalikanda kwa maji ya moto. Aliyepata kuuchora mtulinga hawezi kusahau umbo lake, jinsi unavyopinda mara mbili toka kidari mpaka bega, wala hawezi kusahau kwamba huo ndio mfupa pekee unaoufunga mkono mzima kwenye kiwiliwili, kwa kuwa kombe la bega nyuma halikufungwa kwa mfupa ila limeshikwa na misuli. Akijua hayo, ataelewa kwa nini nguvu za anguko hukimbilia mtulinga na kuuvunja. Atapitisha kidole polepole juu yake, atakuta mahali palipovimba, naye atawazuia wakandaji, aufunge mkono kwa kanga shingoni, ampeleke mtoto kwa tabibu.

Na figo nilizozitaja mwanzoni? Zimekaa nyuma, zimeegemea misuli ya mgongo chini ya mbavu za mwisho, ya kulia ikiwa chini kidogo kwa sababu ini limeikalia. Mwenye kulijua hilo, homa ikimpata pamoja na maumivu mahali hapo, hatasema kwamba amelala vibaya. Fundi cherehani naye ajuaye mteremko wa bega hatashona mkono unaobana kwapani. Na binti abebaye ndoo toka kisimani, akiwa amechora zile pingili tano nene za kiuno, atachuchumaa kabla ya kuinua mzigo.

Kalamu si ngeni pwani

Wako watakaosema kwamba zama hizi kuna programu za simu zinazouzungusha mwili wote, zinauvua ngozi na misuli kwa mguso wa kidole, na kwamba kumrudisha mtoto kwenye kalamu ni kumrudisha nyuma. Programu hizo ni nzuri, nazo si adui zangu. Lakini ndani yake kila uamuzi umekwisha kufanywa na mtu mwingine, na mtazamaji hana alilobaki nalo isipokuwa kustaajabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe hakuna programu inayoweza kumfanyia mtu.

Wala kalamu haikuletwa kwetu juzi. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifika kwa misahafu iliyonakiliwa na kupambwa kwa mkono, na katika vyuo vya Kurani pwani nzima watoto walijifunza kuichonga kalamu kwa mshazari, ili mstari unenepe na kukonda kwa kadiri mkono ugeukavyo. Ustadi ule wa kuumiliki mstari ndio huu huu autakao mchoraji wa mfupa. Wako wazazi watakaoona haya juu ya mwili, na wako watakaouliza hukumu ya dini katika kuchora viumbe. Hili la pili ni la kuulizwa wanazuoni, nami silikati, ila nakumbusha kwamba mwishoni mwa karne ya 14 Mansur ibn Ilyas wa Uajemi aliandika kitabu cha anatomia chenye taswira za mtu mzima, moja ya mifupa, moja ya neva, nyingine ya misuli, nyingine za mishipa. Ama kuhusu kuona haya, mkono, wayo, goti na taya havimvunjii mtu heshima, na katika mikono na miguu pekee mmo mifupa 106 kati ya 206 ya mwili mzima.

Ninalolitaka kwa walimu halihitaji bajeti ya wizara. Biro ya kawaida hutosha pakikosekana nibu na chupa ya wino. Bucha la mtaani huuza moyo wa ng'ombe, na moyo huo ukipasuliwa kwa kisu kikali huonyesha vyumba vyake vinne, ukuta wa kushoto ulivyo mnene kupita wa kulia, na vizibo vilivyoshikwa na nyuzi nyeupe. Darasa zima laweza kuuzunguka na kuuchora. Kombe la bega la mbuzi hutupwa kila siku baada ya supu, na mwanafunzi aliyelichemsha likatakata, akalichora pande zote mbili, atalipata la kwake mgongoni bila shida kwa kumpapasa mwenzake.

Na mwalimu asahihishapo, asitoe alama kwa uzuri wa mchoro, maana si kila mtoto ana mkono mwepesi. Aulize ukweli wake. Mtulinga umepinda mara ngapi? Ncha ya chini ya kombe la bega imefikia ubavu wa saba, au imeelea hewani? Kiganja kikitazama chini, ni mfupa upi uliovuka mwenzake? Asiyejua apapase tena, ahesabu tena, achukue karatasi nyingine.